Ng'ombe Wamesimama, Nyumba Inatembea

Mama mkwe alitangaza mapema, kabla washenga hawajamaliza chai: ng'ombe wa mahari ya binti yake wa mwisho atawahesabu yeye mwenyewe, langoni, na fimbo ya marehemu mumewe mkononi. Wazee wa ukoo wakakohoa. Mmoja akajitia ujasiri, akasema hiyo tangu zamani ni kazi ya wanaume. Mama akamjibu kwamba mwanamume wa nyumba ile amelala pale nyuma ya zizi, anayetaka kumwuliza aende. Hakwenda mtu. Kisha, bila kunitazama usoni, maana adabu ya mtu na mkwewe kwetu haijafa, akamwambia mke wangu: "Mwambie mwenzio achukue video. Siku watu wakianza kusema walileta kumi na wanne, niwafungulie wajionee."

Walileta kumi na wawili. Na mimi video nilichukua. Yaliyofuata nayasimulia mwenyewe, kwa sababu mke wangu ni fundi cherehani na tayari anayasimulia kwa namna yake kwa kila mteja anayekuja kupimwa gauni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nyarugusu. Ukitaja Nyarugusu, watu wa mbali hufikiria kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma. Hiyo ni nyingine. Yetu ni ya Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa Mwanza. Hapa dhahabu ndiyo inayotuamsha na ndiyo inayotulaza. Nyumba yetu imepakana na karasha la kusagia mawe ya wachimbaji wadogo, na usiku likiwaka vikombe kabatini huanza kuongea. Wageni huuliza kama ni tetemeko. Sisi huuliza kama limeharibika, maana likizimwa usingizi hauji.

Video ni ugonjwa wangu wa Jumamosi. Sijawahi kulipwa hata senti kwa video yoyote, na mke wangu amehakikisha mtaa mzima unajua hilo. Siku ya ng'ombe, kule ukweni, nilitembea kinyumenyume mbele ya kundi, simu mkono wa kulia, kijiti mkono wa kushoto kwa ajili ya fahali mmoja mwenye pembe iliyopinda ambaye tangu mwanzo hakunipenda. Nilipita mashimo, nikapita kichuguu, nikaingia langoni kwa mgongo. Nilijiona fundi.

Tuliporudi nyumbani nikaihamishia video kwenye laptopu, familia ikaketi. Dakika ya pili Doto, mmoja wa mapacha wetu, akauliza, "Baba, ulikuwa unakimbizwa?" Kulwa akasema anataka kutapika. Mke wangu akaifunga laptopu taratibu, kama anayefunika sufuria ya mboga iliyoungua.

"Mama anapita hapa wiki ya tatu," akasema, "akitoka kliniki ya macho Geita. Atataka kuiona."

"Ataiona."

"Baba Kulwa, hiyo itampeleka kliniki ya kichwa."

Nikamwambia zipo programu za kutuliza picha. Akaniuliza shilingi ngapi. Hapo ndipo safari ilipoanza, na bajeti ikapitishwa palepale juu ya cherehani: elfu hamsini, bando likiwa humohumo.

Wa kwanza kuleta ushauri alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ni nyani. Msishtuke, hapa kwetu nyani ni yule kijana anayeshuka kwenye duara kuvunja mwamba. Akikaa juu ya ardhi hana ndoto nyingine ila filamu. "Shemeji, nunua gimbo," akasema, akimaanisha ule mkono wa umeme unaoshika simu isiyumbe. "Kanumba alitokea hapo Shinyanga tu, akafika alikofika." Ni kweli, marehemu Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, na alipofariki Aprili 2012 nchi nzima ilisimama. Lakini sikumbuki filamu ambayo Kanumba alishika kamera mwenyewe akirudi nyuma mbele ya fahali. Na gimbo ni dawa ya video ya kesho. Ya jana imeshatikisika.

Wa pili alikuwa fundi mmoja wa simu, ambaye jina nitamwachia mwenyewe. Alikuwa na programu ya wakubwa, ile ambayo wenye nayo Marekani huilipia dola zaidi ya 20 kila mwezi. Yeye alikuwa nayo ya kraki, kwenye flashi, elfu kumi. Nikalipa. Nikachomeka. Programu haikufunguka, ila mafaili yangu yote yakageuka vijialama vya njia ya mkato. Ukibonyeza, hakuna kitu. Video ya ng'ombe, ya ubatizo wa mapacha, mitihani ya darasa la sita, vyote vikawa vivuli. Sikulala. Asubuhi kijana wa kituo cha intaneti akanionyesha kwamba kirusi cha aina ile mara nyingi hakili mafaili, huyaficha tu, akaandika amri moja fupi na ng'ombe wote wakarudi zizini. Elfu tano. Kwa hiyo programu ya wizi ilishanigharimu elfu kumi na tano na sijatuliza hata sekunde moja. Tangu siku hiyo mtu akinitajia kraki nashika mfuko.

Ya tatu ilikuwa ya majaribio, ya bure kabisa mpaka mwisho wa kazi, ndipo ikapiga chapa yake nene katikati ya picha, juu ya uso wa bibi harusi mtarajiwa. Sitaitaja. Nataka tu mjue kwamba neno "jaribu bure" lisomwe hadi herufi ndogo za chini.

Mapacha nao walipendekeza CapCut, ya kampuni ya ByteDance wenye TikTok, ambayo kweli hutuliza picha na haihitaji laptopu. Kwa kipande cha nusu dakika cha mtoto anayecheza, inatosha na kusaza. Lakini mimi nilikuwa na saa moja na dakika ishirini za ng'ombe, hotuba na pilau, na simu yangu ilikuwa imebakiwa na nafasi ya kutunzia labda kwato moja.

Basi nikaanza kusoma, jambo ambalo mwalimu alipaswa kulifanya kwanza.

Nikajifunza kwamba kuna DaVinci Resolve, ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia. Hiyo hutumika kwenye filamu kubwakubwa, na bado toleo lake la kawaida hutolewa bure, bila chapa, na kitulizaji cha picha kimo humo. Toleo la kulipia ni dola 295, unalipa mara moja umemaliza. Mke wangu aliponisikia nikizigeuza kuwa shilingi, zaidi ya laki saba, akasema, "Huyo ni ng'ombe wa kumi na tatu." Nikamhakikishia sitanunua. Nikashusha ile ya bure, zaidi ya GB 2, bando la usiku likaisha nayo. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na haina kadi ya picha ya kueleweka. Resolve inataka mashine yenye RAM mara nne ya hiyo. Ilianza kufunguka saa mbili usiku. Saa mbili na nusu feni ilikuwa inalia kuliko karasha. Kosa si la programu. Nilikuwa namfunga punda jembe la trekta. Mwenye kompyuta yenye nguvu asihangaike kutafuta nyingine.

Kwa sisi wenye punda zipo mbili: Kdenlive, iliyoanza mwaka 2002 na leo inalelewa na jumuiya ya KDE, na Shotcut, ambayo mtu wake mkuu ni Dan Dennedy. Zote bure, zote halali, hakuna chapa, hakuna mwezi wa kulipia, na kuzishusha hakufiki nusu GB. Zote mbili zinaweza kukutengenezea nakala nyepesi za video ili laptopu dhaifu isikwame wakati wa kukata na kupanga, kisha mwishoni hurudi kwenye video yenyewe. Na chini ya boneti, kutuliza picha hufanywa na mtambo uleule, vid.stab wa Georg Martius, ambao yeye aliuandika akaugawa. Watu wa zamani zaidi watakutajia VirtualDub na kiongezo chake Deshaker, kazi ya Gunnar Thalin, ambacho hata kompyuta ya kizee hukiendesha. Nikachagua Shotcut, kwa sababu ya kitoto kabisa: ilifunguka mara ya kwanza.

Mke wangu akataka kujua inafanyaje. Ni mtu wa kutaka kujua kitu kimeshonwaje. Nikamweleza: programu huchukua picha moja, ikachagua vitu vya kushikilia humo, pembe ya dirisha, tawi, jiwe, kisha ikavitafuta vilevile kwenye picha inayofuata. Simu yangu hupiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kwa dakika moja mchezo huo hurudiwa mara 1,800. Ikiona kila kitu kimeruka juu kwa pamoja, inajua kilichoruka ni mkono wa mpigaji, basi nayo huishusha picha kwa kiasi kilekile.

"Kama shingo ya mtu aliyebeba ndoo," akasema. "Miguu inaruka, maji yametulia."

Hasa. Mmarekani mmoja, Garrett Brown, mwaka 1975 alitengeneza Steadicam, mkono wa springi unaofungwa mwilini ili kamera ielee, watu wakashangaa. Akina mama wa hapa wanaotoka kisimani wasingeshangaa.

"Sasa picha ikishushwa," akaendelea, "huko juu panabaki nini?"

"Panabaki weusi. Kwa hiyo programu huivuta picha iwe kubwa kidogo, weusi utoke nje."

"Ni kitambaa kilichokatwa upande, basi. Ukitaka kukinyoosha lazima ule pembeni." Akakata uzi kwa meno. "Na wewe uliacha akiba ya mshono?"

Nikacheka. Laiti ningejibu.

Usiku ule nikaweka kichujio cha kutuliza kwenye kipande cha ng'ombe. Shotcut hukuomba kwanza uichambue video, yaani ipite mwanzo hadi mwisho ikiandika kila mtikisiko kwenye faili dogo, ndipo itulize. Kuna kipimo cha ulaini: kadiri unavyokipandisha ndivyo picha inavyotulia. Mimi nilikipandisha kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai ya bure. Nikaacha ichambue, nikaenda kusahihisha madaftari. Saa tano nikafungua. Bado inatikisika! Nikapandisha tena, nikasubiri tena. Inatikisika vilevile, kwa vishindo vidogovidogo vya haraka. Nilikuwa karibu kulia. Mke wangu akatoka chumbani na glasi ya maji, akaiweka mezani kando ya laptopu bila kusema neno. Maji yalikuwa yanacheza duara ndani ya duara. Karasha. Kilichokuwa kinatikisika ni meza.

Tukasubiri hadi saa saba kasoro, walipolizima kuongeza mawe. Ukimya. Nikabonyeza kitufe.

Picha ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi. Ng'ombe kumi na wawili walisimama katikati ya kioo, wametulia tuli, kwato zikichezacheza chini yao. Na nyuma yao nyumba ya mama mkwe, pamoja na ghala, mwembe na wazee waliokaa kwenye viti, ikaondoka. Ilijikokota kuelekea kushoto, ikafika ukingoni, ikaruka kurudi kulia, ikaanza tena. Mzee aliyekuwa anakohoa alipita mara tatu.

"Baba Kulwa," mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "nyumba yetu inaenda wapi?"

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Programu haijui ng'ombe ni nini wala nyumba ni nini. Inahesabu tu vitu vingi vinakwenda wapi. Kundi lilikuwa limejaa karibu picha nzima, madoa na pembe vikitoa sehemu nyingi nzuri za kushikilia kuliko ukuta wa udongo. Wengi wape: ng'ombe wakahesabiwa ndio ardhi, nyumba ikahesabiwa ndiyo inayotembea. Dawa yake ni kukata video vipande vifupi, ulaini uwe mdogo, na pale kitu kikubwa kinapoziba picha nzima, zima kichujio uache ilivyo. Kuna na ugonjwa mwingine ambao hauponi: simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, kwa hiyo ukitikisa kwa haraka nguzo hupinda. Ukija kuituliza, nguzo zinabaki zikinesa kama maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nguzo za lango la mama zilinesa hivyo. Nikazisamehe.

Sauti pia ilinichezea. Kufikia hotuba za mwisho, maneno ya mshenga yalikuwa yanatangulia mdomo wake. Simu nyingi hazipigi idadi ileile ya picha kila sekunde, hupunguza na kuongeza zenyewe, na programu ya kuhariri huchanganyikiwa. HandBrake, nayo ya bure, huinyoosha video iwe na kasi moja kabla hujaanza kazi. Kabla, nasema. Mimi nilijua baada, nikaanza upya.

Kazi ya mwisho, kutoa video nzima kuwa faili moja, niliianza saa nne usiku. Saa kumi alfajiri LUKU ikaisha. Sitayarudia niliyoyasema. Nikanunua umeme kwa simu, nikaanza tena, na siku ya Alhamisi saa sita mchana ilikuwa tayari. Ng'ombe wanatembea, nyumba imesimama, hakuna weusi pembeni. Bajeti: elfu kumi na tano za kraki na kirusi, elfu ishirini na tatu za bando, elfu saba za umeme. Programu yenyewe, sifuri.

Mama mkwe alifika Jumapili, dawa ya macho bado mbichi, kitambaa mkononi. "Mwangaluka, mayu," nikamwamkia nikiwa mbali, mlangoni, kama inavyostahili. Tukamwekea kiti cha mbele. Shemeji akaja na manyani wenzake wawili, bado wana vumbi la mwamba masikioni. Nikabonyeza.

Watu wakasifu. Shemeji akapiga mluzi. Ng'ombe walikuja kwa heshima zote, wa kwanza, wa pili, fahali wa pembe, wakaingia langoni mmoja mmoja. Mama alitazama mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwulize mwenzio. Mimi sikuwepo?"

Nikarudisha nyuma. Lango lilikuwepo, nguzo ya kulia ilikuwepo. Pale kwenye nguzo ya kushoto, ambako mama alisimama saa nzima na fimbo ya mumewe akihesabu kwa sauti, palikuwa na ncha ya fimbo tu. Ikipanda, ikishuka, kumi na mbili. Mwenye fimbo alikuwa ameliwa pamoja na pembe za picha. Nilipokuwa nahariri niliangalia ng'ombe, niliangalia nyumba, niliangalia weusi usionekane. Sikumwangalia mama mkwe. Na siku ya kupiga, katika kurudi nyuma kwangu, nilikuwa nimembana kwenye ukingo kabisa wa kioo.

Mke wangu hakusema "akiba ya mshono". Aliinua tu futi yake ya kupimia kutoka shingoni, akaikunja, akaiweka mezani mbele yangu.

Nikatoa kuvuta, ukubwa ukarudi sifuri. Mama akaonekana, lakini weusi ukaanza kurukaruka pembeni, na picha ikawa kama fremu iliyotundikwa kwa msumari mmoja siku ya upepo. Nikamwomba mke wangu amwulize mama kama hiyo inafaa. Mama akauliza kama ile ya kwanza kabisa ipo. Nikasema ipo, ila inatikisika sana, watoto waliumwa.

"Weka."

Nikaiweka. Mashimo, kichuguu, mgongo langoni, vumbi, anga, kwato, anga tena. Manyani wakashika viti. Na pale kushoto, akiruka juu na chini kama mtu aliye kwenye pikipiki, mama mkwe na fimbo yake, sauti kavu juu ya kelele zote: moja, mbili, tatu. Mwenyewe kwenye kiti alikuwa anahesabu pamoja na yule wa kwenye kioo, kidole kikienda. Walipofika kumi na mbili wakanyamaza wote wawili.

"Hiyo," akasema. "Niwekee hiyo."

Akanywa chai, akaomba kitambaa kingine cha macho, akarudi kwake na flashi imefungwa kwenye pindo la khanga.

Zipo nakala mbili hapa nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai juu ya kabati. Anayetaka ile iliyotulia aje na flashi yake, isiwe ya kraki, na aje mchana. Usiku karasha linawaka.